Choroko na Dada wa Harufu Tano

Sogeeni. Sogeeni tena kidogo. Wewe wa nyuma, toa kidole puani, maana hadithi hii ni ya pua.

Huko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, palikuwa na panya mdogo. Aliitwa Choroko.

Usishtuke. Choroko hakuwa panya wa kutafuna viatu vyako. Alikuwa panya buku, na panya buku akikua huwa mkubwa kama paka.

Lakini siku aliyozaliwa hakuwa mkubwa hata kidogo. Alikuwa mwekundu, hana manyoya, na macho yake yamefumba.

"Kadogo kama choroko!" alisema Kaka Mkude, mtunza panya. Basi jina likamganda.

Choroko alizaliwa ndani ya chungu kilichowekwa kizimbani. Mle chunguni mlikuwa na nyasi kavu, na giza, na mama.

Mama yake aliitwa Kunazi.

Choroko hakumwona mama, kwa sababu macho yalikuwa bado. Hakumsikia pia, kwa sababu masikio yalikuwa bado. Alikuwa na pua tu.

Pua ilifanya kazi. Nus, nus, nus.

Mama alinukia maziwa. Alinukia manyoya yenye joto. Alinukia na mchaichai, kwa sababu Kunazi aliyapenda sana majani ya mchaichai. Aliyajaza mashavuni, akayaleta chunguni, akayatandika kama shuka.

Kisha mama alimlamba. Lap, lap, lap. Kichwani. Mgongoni. Tumboni, mpaka miguu yote minne ikarusharusha.

Mama alipolamba, Choroko alinusa. Choroko aliponusa, mama alilamba. Vitu hivyo viwili vikaingia pamoja kichwani mwake, vikakaa.

Hivyo ndivyo Choroko alivyomjua mama. Hata wewe ulimjua wako hivyo hivyo, ila umesahau.

Siku zikapita. Manyoya yakaota, macho yakafunguka, na masharubu yakawa marefu.

Sasa, Mama Kunazi alikuwa na kazi. Tena si kazi ndogo.

Katika nchi moja ya mbali palikuwa na vita zamani. Vita viliisha, lakini mabomu yalibaki yamefukiwa mashambani. Watu waliogopa kulima. Watoto waliogopa kucheza mpira.

Kunazi aliyanusa mabomu hayo. Akilipata moja, alikwarua ardhi. Kwaru, kwaru. Watu wakaja kulitoa polepole.

Yeye mwenyewe bomu halikumdhuru, kwa kuwa alikuwa mwepesi mno kulilipua. Kazi nzuri, au siyo? Lakini ilikuwa mbali.

Siku moja lori lilikuja. Brrrum!

Kaka Mkude akamnyanyua Kunazi. "Nenda kazini, mama," alisema. "Masika ikianza, utarudi."

Kunazi alimlamba Choroko. Lap. Mara moja tu, haraka haraka. Kisha lori likaondoka naye. Brrrum, brrum, rrum.

Choroko aliingia chunguni. Alitoka. Aliingia tena.

Nus, nus, nus.
Huku hayupo. Huku hayupo.
Mama yuko wapi?

Kifua chake kilimuuma. Hakujua masika ni nini. Alijua tu kwamba mama alikuwapo, na sasa hayupo.

Jumatatu, alikuja mtu mgeni. Jina lake Mwanvita. Alikuwa ameanza kazi ya kutunza panya siku hiyo hiyo.

Mwanvita naye alikuwa na mtoto nyumbani. Mtoto huyo aliitwa Siwema, na hakuwa na jino hata moja. Kila asubuhi Mwanvita alimwacha kwa bibi, mama yake Mwanvita, na kila asubuhi Siwema alilia. Mwanvita alitembea hadi kazini huku kilio kile bado kimo masikioni mwake.

Na kwa kuwa kazi ilikuwa mpya, Mwanvita alitaka kunukia vizuri. Jumatatu hiyo alioga kwa sabuni ya ndimu. Alijisugua mpaka akang'aa.

Alifungua kizimba. Alishika kipande cha ndizi. "Kula, baba," alisema.

Choroko alinusa. Ndimu! Hakumjua mtu huyu. Akakimbilia chunguni, akageukia ukutani.

Nus, nus, nus.
Huku hayupo. Huku hayupo.
Mama yuko wapi?

Jumanne, Mwanvita alioga kwa sabuni ya waridi. Alileta karanga.

"Kula, baba. Tamu hizi."

Choroko alinusa. Waridi! Huyu naye nani? Jana alikuja mmoja, leo kaja mwingine. Hakula.

Jumatano, Mwanvita alipaka mafuta ya karafuu. Kaka Mkude alikuwa anapima uzito wa panya, akampima Choroko pia. Akapiga mluzi wa huzuni. Fyuuu.

"Amekonda," alisema. "Mwanvita, dada yangu, huyu asipokula..." Alitazama pembeni.

Mwanvita aliogopa. "Tumfanyie nini, Kaka Mkude?"

"Mama yake alipenda mchaichai. Hebu tujaribu."

Mwanvita akakimbia bustanini. Akachuma majani ya mchaichai, akayatandika yote chunguni.

Pua ya Choroko iliamka. Nus! Nus! Mchaichai! Mama! Mama amerudi!

Alirukia chunguni. Alifukua majani. Alifukua hapa, akafukua pale. Alifukua mpaka chini kabisa.

Yalikuwa majani tu. Hapakuwa na joto. Hapakuwa na ulimi. Hapakuwa na mama.

Choroko alilia. Chwii. Chwii. Hakuwahi kulia hivyo. Hata Kaka Mkude alijifanya anakohoa.

"Harufu peke yake haitoshi," alisema Kaka Mkude, baada ya kukohoa sana. "Mama yake alikuwa anamlamba. Wewe humlambi."

Mwanvita alishika kiuno. "Nimlambe? Mimi? Kaka Mkude, mimi nimlambe panya?"

Kaka Mkude alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Sikusema hivyo, dada. Tafuta kitu kinachofanana na ulimi."

Mwanvita aliwaza njia nzima. Nyumbani alikuwa na mswaki mdogo, mlaini, wa Siwema. Aliununua mapema mno, maana mwenye mswaki mwenyewe jino hana.

Alhamisi, Mwanvita alipaka mafuta ya embe. Aliuchovya mswaki kwenye maji ya uvuguvugu. Akamsugua Choroko taratibu.

Sugu, sugu, sugu. Kichwani. Mgongoni.

Choroko alishangaa. Alifumba macho. Miguu yake ya nyuma ilianza kulegea. Akala karanga moja. Moja tu! Lakini alikula.

"Kaka Mkude! Amekula!"

Mwanvita alirudi nyumbani anacheka peke yake. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa mtu hujipendezesha. Basi alijifukiza udi. Alifukiza nguo, akafukiza nywele, akafukiza mpaka mtandio.

Alifungua kizimba akitabasamu. Mswaki mkononi.

Choroko alinusa. Udi! Udi mkali! Huyu ni mtu wa tano! Yule wa jana mwenye embe yuko wapi? Alikuwa ameanza kumpenda kidogo, naye ameondoka. Kila mtu anaondoka!

Choroko alijikunja chunguni. Safari hii hata kulia hakulia.

Nus... nus...
Huku hayupo. Huku hayupo.
Mama yuko wapi?

"Jana si ulinijua?" Mwanvita alimwuliza. "Ni mimi, baba. Ni mimi yule yule." Machozi yakamtoka.

Jioni alirudi nyumbani. Akamchukua Siwema ili amnyonyeshe. Siwema akanusa, akakunja uso, akageukia kwa bibi yake. Hata huyo!

Wewe umeshajua tatizo ni nini. Usiseme. Mwache Mwanvita alitafute mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Mwanvita. Aliamka, akafungua bomba. Bomba lilikohoa. Khoo, khoo, khoo. Likanyamaza.

"Mama, maji hayatoki!" alilia Mwanvita. "Nitaogaje?"

"Usioge," alisema mama yake, aliyekuwa anakoroga uji jikoni. "Nawa hayo ya kwenye kopo, uende. Kwani unaenda harusini?"

Mwanvita alinawa kwa maji ya kopo moja. Alimnyonyesha Siwema. Alisaidia kukoroga uji, moshi ukamwingia kwenye kitenge. Akaenda hivyo hivyo.

Alipofika alisimama mbali. "Usinisogelee, Kaka Mkude. Leo sijaoga."

"Nimeshaona," alisema Kaka Mkude. "Una uji kidevuni."

Mwanvita akafungua kizimba kwa aibu. Akaingiza mkono.

Ndani ya chungu, pua ndogo iliinuka. Nus.

Uji. Moshi wa kuni. Jasho kidogo. Na maziwa.

Hayakuwa maziwa ya Mama Kunazi. Lakini yalikuwa maziwa ya mama fulani, wa mtoto fulani. Choroko alitoa kichwa nje.

Sugu, sugu, sugu, ulisema mswaki. Choroko alinusa. Mswaki ulisugua. Alinusa tena, akala karanga mbili.

Jumapili bomba bado lilikohoa. Mwanvita alikuja vile vile, na uji, na moshi, na maziwa.

Choroko alisimama kwa miguu miwili. Yule wa jana! Amekwenda, kisha amerudi! Sugu, sugu, sugu. Akala karanga tatu.

Jumatatu bomba lilikuwa kavu. Choroko alikuwa anamngoja mlangoni. Alikula ndizi nzima, akalamba ganda, akapanda kwenye mkono wa Mwanvita, akajikunja kwenye kiwiko.

Kaka Mkude alikuna kichwa. "Ajabu hii. Siku tatu maji hakuna, siku tatu mtoto anakula."

Mwanvita alifungua mdomo. Alikumbuka ndimu, na waridi, na karafuu, na embe, na udi. Alimkumbuka Siwema alivyomgeuzia uso.

"Ooh, baba," alisema. "Kumbe nilikuwa nakuletea mgeni kila siku!"

Jumanne maji yalirudi. Mwanvita alifungia sabuni zote za kunukia sandukuni. Alioga kwa kipande cha sabuni ya mche, ile ile, kila siku ya Mungu. Siwema akaacha kumgeuzia uso.

Choroko akanenepa. Mashavu yakajaa. Akaanza kujifunza kazi, kama mama yake. Akinusa vizuri, Mwanvita alimpa ndizi na kumsugua kwa mswaki.

Sasa utauliza, je, alimsahau mama?

Hapana. Hakumsahau. Jua lilipopanda, panya buku wote walikwenda kulala, kwa sababu mchana kwao ndio wakati wa kulala. Hapo ndipo Choroko alipomtamani mama kuliko wakati wote. Alitembea kizimba kizima kwanza.

Nus, nus, nus.
Huku hayupo. Huku hayupo.
Mama yuko wapi?

Kisha alikwenda kwenye mkono wa Mwanvita, akakaa hapo na hamu yake. Hamu haikuisha, lakini haikumtisha tena. Alikuwa na mahali pa kungojea.

Siku moja mawingu yalishuka kutoka Uluguru. Meusi, mazito. Tone moja likaanguka kwenye bati. Ta. Kisha mawili. Ta, ta. Kisha yote kwa pamoja. Tatatatata!

"Masika!" alisema Kaka Mkude. Akaweka kofia kichwani, akaenda getini.

Asubuhi ya tatu ya mvua, lori lilikuja. Brrrum!

Kaka Mkude aliingia na kizimba cha safari. Ndani yake alikuwa panya mkubwa, amechoka, ana tope hadi masikioni.

Mwanvita alimweka Choroko sakafuni. "Haya, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Nusa."

Choroko alinusa. Nus.

Dizeli. Alirudi nyuma hatua moja.

Nus. Udongo mwekundu wa nchi nyingine. Akarudi nyuma hatua ya pili. Huyu ni nani?

Nus. Tope, na turubai, na ndizi zisizo za Morogoro. Choroko aliogopa. Amengoja siku nyingi hivi, na sasa hamjui aliyekuja?

Akajikaza. Akasogea. Akaingiza pua nyuma ya sikio la yule panya, pale ambapo tope halikufika.

Nus.

Alikuwa mama! Chini ya dizeli yote, chini ya udongo wote, alikuwa mama! "Chwii!" alilia Choroko. "Mama! Ni mimi!"

Lakini Kunazi hakumlamba. Alisimama tuli. Sasa ilikuwa zamu yake.

Alimwacha mtoto mdogo. Mbele yake amesimama panya mnene, mwenye mashavu. Kunazi alinusa kichwa chake. Alinusa mgongo wake. Uji. Moshi. Maziwa ya watu. Kila unyoya wa mwanawe ulikuwa na harufu ya mtu mwingine.

Choroko hakupumua. Mama akisema simjui, je?

Mwanvita naye hakupumua. Aliijua vizuri harufu ile. Ilikuwa yake. "Nimemharibia mtoto wake," alinong'ona. Kaka Mkude alivua kofia.

Kunazi alinusa chini ya kidevu. Alinusa tumboni. Alinusa hapo tumboni kwa muda mrefu sana.

Kisha, lap.

Lap, lap. Lap, lap, lap, lap! Kichwani, mgongoni, tumboni, mpaka miguu minne ikarusharusha, ingawa Choroko alikuwa ameshakuwa mkubwa wa kuona haya. Hakuona haya hata kidogo.

Basi Kunazi akasimama. Bado alikuwa na jambo. Akafuata harufu ile nyingine. Nus, nus, kwenye sakafu. Nus, nus, mpaka kwenye mkono wa Mwanvita.

Mwanvita hakuuondoa mkono. Alifumba macho.

Kunazi alinusa kidole gumba. Kilikuwa na harufu ya mwanawe. Akakilamba. Akalamba na kidole cha pili, na cha tatu, na kiganja, taratibu, kama anavyolambwa mtoto.

Mwanvita alilia waziwazi. Kaka Mkude alitaka kukohoa, akashindwa, akalia na yeye.

"Leo umeogeshwa, dada," alisema, akijifuta uso kwa kofia.

Jua lilitoka nyuma ya mvua. Wakati wa kulala ulikuwa umefika. Kunazi aliingia chunguni. Choroko akaingia nyuma yake, ingawa chungu kilikuwa kimeshakuwa kidogo kwa wawili.

Mwanvita alitaka kuondoka. Choroko akaukamata mkono wake kwa vidole vyake vidogo, akauvuta ndani.

Basi Choroko alilala, tumbo lake kwenye manyoya ya mama, mgongo wake kwenye kiganja cha Mwanvita. Nje mvua ilianza tena. Ta, ta, ta.

Mkono wa Mwanvita ulikufa ganzi. Hakuutoa.